Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya teknolojia na mambo ya nje: Mama wa Dodoma akalalamike wapi?

Ipagala, Dodoma
Januari 2026

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya teknolojia, sheria na mambo ya nje,
na Waheshimiwa Wabunge,
Dodoma.

YAH: SAUTI YA WANANCHI KATIKA MAKUBALIANO YA DUNIA KUHUSU AKILI MNEMBA (AI)

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25. Siandiki hadharani kwa kupenda. Barua ya kwanza kuhusu jambo hili niliipeleka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kwa mkono wangu Machi 2025, ya pili Agosti mwaka huohuo. Nakala zote mbili ninazo, zimegongwa mhuri wa "IMEPOKELEWA". Tangu hapo sijapigiwa simu wala kuandikiwa hata mstari mmoja. Ofisi yenyewe siitaji, kwa kuwa sikusudii kumwaibisha mtu. Ninachotaka ni kujibiwa, na sasa naomba nijibiwe mbele ya wenzangu.

Nianze na kilichotupata, maana bila hicho mtaona nazungumzia mambo ya Geneva na New York yasiyonihusu.

Mwanachama wetu mmoja hununua mahindi Kibaigwa na kuyauza hapa mjini. Mwishoni mwa 2024 alikopa kikundini shilingi 450,000. Tulifungua sanduku, kufuli zote tatu, tukahesabu mbele ya wanachama, akasaini kwenye daftari langu. Kesho yake alikuwa sokoni Kibaigwa, hela iko kwenye simu, anasubiri zamu yake ya mizani. Ikaingia sauti WhatsApp kutoka namba ngeni yenye picha ya mwanawe anayesoma chuo hapa Dodoma. "Mama, shikamoo. Nimepata ajali ya bodaboda, simu yangu imevunjika, hii ni ya rafiki yangu. Niko Ng'hong'honha, wanataka hela ndio wanitibu."

Ujumbe wa matapeli tumeuzoea, ule wa "ile hela nitumie kwenye namba hii". Tunaufuta na kuendelea na shughuli zetu. Huu haukuwa wa maandishi. Ilikuwa sauti ya mtoto wake, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kabla hajaanza kusema. Mama akatuma laki nne na ishirini. Kijana muda huo alikuwa darasani, mzima, hana habari. Anaimba kwaya, na video za kwaya yao ziko mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuzisikiliza. Mitambo ya akili mnemba ya siku hizi ikipata sekunde chache za sauti ya mtu, zinatosha kuiiga.

Sauti ile nimeisikiliza mara nyingi. Kijana yule nilimfundisha miaka minne, na nasema kwa dhati kwamba hata mimi ningetuma. Inateleza mahali pamoja tu, pale inapotaja Ng'hong'honha. Mtoto wa Dodoma hulitamka jina hilo bila kufikiri. Ile sauti inalikata katikati, kama mtu aliyekabwa na kitu kooni. Mama anasema ilipofika hapo alidhani mwanawe analia.

Polisi walimpa RB, namba ya taarifa yake. Laini ilikuwa na jina la mzee wa mkoa mwingine ambaye naye hakujua lolote. Askari walitusikiliza vizuri, hilo nalishukuru. Lakini tulipouliza kuhusu wale waliotengeneza mtambo unaoweza kuiga sauti ya mtu bila ridhaa yake na kuuachia dunia nzima, mpelelezi aliweka kalamu mezani. "Mwalimu, hao hatuna pa kuwashika." Fundi mmoja wa kompyuta alitusaidia kukisia mtambo uliotumika. Nikaingia kwenye ukurasa wa wenye nao nikajaze malalamiko. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na kwenye orodha ya nchi Tanzania haikuwemo. Ikabidi nichague nchi ya jirani ndipo fomu ikubali kwenda. Baada ya dakika moja nikapata shukrani iliyoandikwa na mashine. Mpaka leo ndiyo hiyohiyo.

Mama yule amemaliza kulipa mkopo wetu Novemba iliyopita, kwa kuuza maandazi. Hakutaka kikundi kimsamehe.

Hoja zangu ni hizi.

1. Madhara yanaingia nchini, ila wa kulaumiwa yuko nje na hana anwani hapa.

Sheria tunazo, na sizibezi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hizo zinaweza kumshika tapeli aliyeko Tanzania. Kwa kampuni iliyoko ng'ambo, isiyo na ofisi wala mtu hapa, karatasi yetu inaishia mpakani.

Hili haliko hivyo kila mahali. Umoja wa Ulaya una sheria yake ya akili mnemba iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na utekelezaji wake unaingia kwa awamu. Ndani yake mna sharti kwamba kampuni ya nje inayopeleka huko mifumo mikubwa ya akili mnemba iteue mwakilishi ndani ya Umoja huo, mtu mwenye jina na anwani, ambaye mamlaka zikimwita anaitika. Walilipata hilo kwa sababu nchi 27 zilikwenda zikiwa kitu kimoja, na hakuna kampuni inayotaka kulikosa soko lao.

Sasa nitazame kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8 na watu zaidi ya milioni 300, na makao yake makuu yako Arusha, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka hapa. Tanzania peke yake ikidai mwakilishi, kampuni inaweza kutupuuza. Nchi 8 zikidai kwa sauti moja, hesabu inabadilika. Nimefundisha ramani miaka thelathini na sijaona sababu ya kijiografia inayozuia jambo hili. Ndiyo maana naita ushirikiano wa kimataifa katika suala hili kuwa shida ya nyumbani. Mama wa Kibaigwa hawezi kupata haki yake bila nchi kuelewana na nchi.

2. Kanuni za dunia zinaandikwa, na sisi wananchi hatujui nchi yetu inasema nini.

Novemba 2023 Uingereza iliitisha mkutano Bletchley Park kuhusu usalama wa akili mnemba. Tamko lake lilikubaliwa na nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya, na kutoka Afrika zilikuwepo Kenya, Nigeria na Rwanda. Sisi hatukuwemo. Novemba 2024 taasisi za serikali zinazopima usalama wa mitambo hii ziliunda mtandao wao wa kimataifa huko San Francisco. Jirani yetu Kenya yumo. Februari 2025 ilikuwa zamu ya Paris, ambako Marekani na Uingereza zilikataa kutia saini tamko la pamoja. Mwezi ujao ni New Delhi.

Jopo la ushauri la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake Septemba 2024. Lilichukua mipango 7 mikubwa ya kimataifa kuhusu usimamizi wa akili mnemba, nje ya ile ya Umoja wa Mataifa wenyewe, likahesabu nani yumo. Nchi zilizomo katika yote ni 7. Nchi 118 hazimo katika mpango hata mmoja, na nyingi ni za upande wetu wa dunia. Namba hiyo niliikariri kama nilivyokuwa nikikariri urefu wa mito.

Kuna meza ambazo tumo. Novemba 2021 nchi 193 wanachama wa UNESCO zilipitisha mapendekezo ya maadili ya akili mnemba. Julai 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wake wa bara. Na Agosti 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda jopo huru la wanasayansi 40, pamoja na mjadala wa dunia ambao kila nchi ina nafasi: wa kwanza Geneva Julai 2026, wa pili New York 2027. Huu wa Geneva ndio ulionifanya niandike sasa. Hatuhitaji mwaliko wa mtu, kiti ni chetu. Miezi sita imebaki. Ni nani atakayekaa pale, ametumwa aseme nini, na amemuuliza nani?

3. Usalama unapimwa kwa lugha za wengine.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichukua maombi ya hatari ambayo GPT-4, mtambo wa akili mnemba unaojibu maswali, huyakataa yakiulizwa kwa Kiingereza. Wakayatafsiri katika lugha ambazo maandishi yake ni machache mtandaoni, Kizulu ikiwemo, wakauliza tena. Mara nyingi mtambo ulijibu. Kufuli ilikuwa imefungwa upande wa Kiingereza na lugha nyingine kubwa tu. Kizulu ni ndugu wa damu wa Kiswahili na wa Kigogo pia.

Nchi yetu ina deni la pekee hapa. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200, tarehe 7 Julai dunia inakiadhimisha, na tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Kama Tanzania haitasimama kudai kwamba mtambo unaouzwa kwa Waswahili upimwe kwa Kiswahili kabla haujafunguliwa, nani mwingine atadai? Na watu wa kuifanya kazi hiyo hatuwaagizi nje. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo pale mlimani, tunakiona usiku taa zake zikiwaka, na kina watafiti wa akili mnemba. Wapewe kazi na fedha ya kuifanya. Wakianza kwa kumwambia mtambo utamke Ng'hong'honha watajifunza mengi.

4. Jasho la vijana wetu.

Hili nalisema kwa ufupi. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuchambua maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Kazi za namna hiyo hazichelewi kuhamia kwenye mji wenye vyuo na vijana wasio na ajira, na Dodoma ni mji wa namna hiyo. Nchi moja ikiweka kiwango cha chini cha malipo, kazi itahamia ya pili yake. Kiwango hicho lazima kiwe cha pamoja.

Najua majibu yanayoweza kutolewa. Mengine nimeyasikia kwenye baraza la mtaa, mengine kwenye foleni ya ofisi hukohuko Mtumba, kwa hiyo niyajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Litakuja la kwanza kwamba nchi yetu ni ndogo mbele ya Marekani na China. Waheshimiwa, Novemba 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, alisimama Umoja wa Mataifa akasema mali iliyo chini ya bahari kuu ni urithi wa wanadamu wote, isigeuzwe ya wenye meli kubwa. Malta ni kisiwa kidogo kuliko wilaya zetu nyingi, na wakati huo ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Wazo lile lilizungumzwa miaka na miaka mpaka likaingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Na mahakama iliyotokana na mkataba huo ilipofunguliwa Hamburg mwaka 1996, mmoja wa majaji wake wa kwanza alikuwa Jaji Joseph Warioba wetu. Mwalimu Nyerere aliongoza Tume ya Kusini, tume ya nchi zinazoendelea, kuanzia 1987 bila kusubiri nchi hizi ziwe tajiri kwanza. Unyonge huu wa kusema "sisi nani" hatukurithi kutoka kwao.

Litakuja la pili kwamba Umoja wa Afrika umeshaweka mkakati, tuufuate. Sawa, na ni mkakati mzuri. Lakini mkakati wa bara haumpi mama yangu wa Kibaigwa namba ya kupiga. Unazitaka nchi zifanye kazi, na nchi mojawapo ndiyo hii.

La tatu, kwamba tukidai sana tutawafukuza wawekezaji. Kampuni zilezile zimekubali masharti Ulaya na hazikufunga biashara. Mimi natunza fedha za watu katika sanduku lenye kufuli tatu, na wanachama wangu hawajawahi kukimbia kwa sababu ya kufuli. Walijiunga kwa sababu yake.

Na la mwisho, lililonichoma zaidi, kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Nililisikia kutoka kwa kijana wa mapokezi, bila ubaya wowote moyoni mwake. Aliniambia, "Bibi, haya waachie wasomi." Wasomi hawakuwepo Kibaigwa siku ile. Aliyekuwepo ni mama mwenye kitambaa kichwani, simu mkononi na magunia kumi ya mahindi mbele yake, anayasikiliza maneno ambayo mwanawe hakuyasema.

Kwa hiyo tunaomba, mimi na wanachama 24 waliosaini daftari letu:

(a) Msimamo wa Tanzania kuelekea mjadala wa Geneva uchapishwe kwa Kiswahili kabla ya mwisho wa Aprili 2026, wenye jina la ofisi inayohusika na mahali pa kupeleka maoni. Hata kurasa nne zinatosha.

(b) Maoni yakusanywe kwa kuwafuata watu walipo. Anzieni kanda hii ya kati, kwa kuwa ninyi wenyewe mko hapa: soko la Kibaigwa, wakulima wa zabibu Hombolo, wakulima wa alizeti Singida, vikundi vya akina mama, bodaboda, wanafunzi. Sisi tuko tayari kutoa ukumbi wetu na chai, bila posho.

(c) Tanzania ipeleke Arusha pendekezo kwamba nchi zote 8 za Jumuiya zidai kwa pamoja mwakilishi mwenye anwani kutoka kwa kila kampuni inayouza au kutoa bure mitambo ya akili mnemba kwa watu wetu. Kisha pendekezo hilohilo libebwe Geneva kwa jina la Jumuiya.

(d) Katika mazungumzo yoyote ya kimataifa kuhusu kupima usalama wa mitambo hii, Tanzania idai Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha za kupimia, na ijitolee kuifanya kazi hiyo hapahapa.

(e) Iwepo ofisi moja, moja tu, ambayo mwananchi aliyeumizwa na mtambo wa nje anaweza kuingia na RB yake, akasikilizwa kwa Kiswahili, na ofisi hiyo ikamwandikia mwenye mtambo kwa niaba ya Jamhuri. Kama ofisi hiyo ipo tayari, tunaomba tuambiwe iko wapi. Nitampeleka mama yule mwenyewe, kesho yake asubuhi, pamoja na simu yenye ile sauti. Hajaifuta.

Barua hii nitaileta pia kwa mkono, kama zile mbili, na nakala nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa wetu. Jibu lenu nitalibandika pembeni yake siku hiyohiyo nitakayolipata. Kikundi chetu hukutana kila Alhamisi saa kumi jioni, na mmoja wenu akipenda kuja kutujibu ana kwa ana, tutampokea kwa heshima zote.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi
Ipagala, Dodoma